Tuachieni mchana wa Ijumaa

Kwa Makatibu Tawala wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa, na Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zote za mikoa hiyo.

YAH: OMBI LA KUPANGA UPYA SAA ZA KAZI ZA IJUMAA KWA WATUMISHI WANAOISHI MBALI NA FAMILIA ZAO

Ndugu viongozi, tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika halmashauri moja ya Mkoa wa Songwe. Halmashauri yenyewe sitaitaja, kwa kuwa ninayoyaandika yanafanyika katika nyingi na sina ugomvi na mtu. Mume wangu anafundisha Uyole, jijini Mbeya. Watoto wetu wawili wako naye huko, na mama mkwe anakaa nao. Jumapili mchana naondoka nyumbani, Ijumaa usiku narudi. Katikati ya siku hizo naishi kwenye chumba cha kupanga chenye kitanda, mtungi mdogo wa gesi na ndoo mbili za maji.

Watu wa namna yangu katika nyanda hizi tuko wengi, na wengine hawakuhama kabisa: ofisi ndiyo iliyowahama. Mkoa wa Njombe ulipokatwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ulipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mtumishi aliyekuwa amejenga Iringa au Mbeya, watoto wake wako darasani na mwenzi wake ana kazi pale mjini, alijikuta kituo chake cha kazi kiko Njombe au Vwawa. Halafu mwaka 2019 likaja agizo kwamba halmashauri zenye ofisi nje ya maeneo yao ya utawala zihamie kwa wananchi wao. Iringa Vijijini wakaenda Ihemi, Njombe Vijijini wakaenda Kidegembye. Momba wako Chitete. Agizo lilikuwa na haki yake. Mwananchi wa Lupembe hakupaswa kupanda gari hadi Njombe mjini kufuata muhuri, na mimi ninayefanya kazi na vikundi vya kina mama vijijini nimeona faida ya ofisi kuwa karibu. Ila nyumba ya kuishi mtumishi na familia yake, shule ya sekondari anayoitaka mwanawe na kazi ya mwenzi wake havikuhama pamoja na mafaili.

Nieleweke vizuri. Silalamikii kupangiwa mbali. Barua ya ajira niliipokea nikijua kwamba mtumishi wa umma anapangwa popote nchini, na leo nikiulizwa tena nitakubali. Ninaloliomba ni mchana wa Ijumaa.

Saa za ofisi zetu zinajulikana: tunaingia saa 1:30 asubuhi, tunatoka saa 9:30 alasiri. Ukihesabu kwenye karatasi, mtu wa Vwawa akitoka saa 9:30 anazimaliza kilomita zipatazo 70 hadi Mbeya kabla ya magharibi, na hata wa Tunduma, aliye zaidi ya kilomita 100, anafika watoto hawajalala. Ijumaa tunazoziishi haziko hivyo. Kikao cha timu ya menejimenti kilichokuwa cha Jumatano kimesogezwa kwa sababu Mkurugenzi aliitwa Dodoma, sasa kinaanza saa nane mchana. Takwimu zinatakiwa mkoani leo leo, na ujumbe wa kuziomba umeingia kwenye kundi la WhatsApp saa sita. Kablasha la baraza la madiwani halijakamilika. Gari la idara limeenda kukusanya mapato na halijarudi, na funguo za kabati anazo dereva. Unatoka saa kumi na moja jioni. Unasimama barabarani na begi lako, na Coaster zinazotoka Tunduma zinakupita zikiwa zimejaa hadi mlangoni.

Barabara yenyewe hamna haja ya kuelezwa. Ndiyo njia ya mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na malori yanayotembea humo usiku ni yale yale yanayopanga foleni Tunduma mchana. Ukishapita Mlowo giza limeingia. Miezi ya Juni na Julai ukungu unashuka mapema, na kwenye mteremko wa Iwambi kila abiria anajua kwa nini mazungumzo yanakatika. Mradi wa kupanua barabara kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, tunaushukuru kwa moyo wote, lakini hakuna njia nne itakayomfaa mtu anayelazimika kusafiri saa mbili usiku kwa kuwa kikao kilichelewa kuanza. Wenzetu wa Chitete wanahesabu kwanza safari ya kufika Tunduma ndipo waanze kuhesabu ya Mbeya. Wengi wao hurudi nyumbani mara moja kwa wiki mbili.

Basi unafika. Watoto wamelala. Jumamosi asubuhi kuna nguo za wiki nzima, kuna msiba mtaani ambao usipoonekana utasemwa, kuna kikoba, kuna mwalimu wa kwaya anayeuliza mama mbona siku hizi haonekani mazoezini. Ikiwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna usafi. Ikiwa kuna ugeni wa kitaifa, Jumamosi hiyo hukuipata kabisa, umebaki kituoni kwenye mapokezi. Jumapili mnakwenda ibadani, mnakula, unaanza kufungasha: unga, maharage, viazi, dagaa waliokwisha kuungwa. Saa tisa uko stendi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nyumbani kwangu siku ya tatu siifikii. Watoto wananikarimu. Yule mkubwa ananiletea kiti. Ameacha kuniambia kwamba aligombana na mwenzake shuleni, au kwamba hesabu zimemshinda, kwa sababu amejifunza kwamba mama akiwepo ni muda wa kufurahi, na mambo magumu yanasubiri mama aondoke ili aambiwe bibi.

Kuna jambo ambalo mtu anayelala kwake kila siku hawezi kulifikiria kwa haraka. Karibu kila mlango unaomhusu mzazi hufungwa mwisho wa wiki. Kliniki ya mtoto ni siku za kazi. Kikao cha wazazi shuleni ni siku ya kazi. Ofisi ya ardhi, ya vitambulisho, ya vizazi na vifo, zote ni siku za kazi, na mimi siku hizo nafungulia wengine ofisi. Mwalimu wa darasa wa mwanangu namfahamu kwa sauti ya simu tu. Ningetoka kazini Ijumaa saa tano na nusu, saa nane ningekuwa mlangoni kwake, shule ikiwa bado haijafungwa, na tungekaa kwenye dawati moja tukaangalia daftari pamoja.

Tunavumilia, na kuvumilia huko kuna ufundi wake. Saa moja na nusu usiku ni saa ya simu nyumbani kwetu, bando lake linanunuliwa kabla ya sukari. Mume wangu anapiga picha kurasa za kazi ya shule ananitumia, nazisoma usiku, namrudishia kwa sauti. Kadi ya chanjo anaijua kuliko mimi. Yeye ndiye anayejua mtoto gani amemaliza sabuni na nani anakohoa. Mama mkwe amekubali, katika umri wa kupumzishwa, kuamka saa kumi na moja na kuchemsha uji. Ofisini tumejipanga watu wa njia moja, tunachangia mafuta ya Noah ya mwenzetu mmoja, na anayechelewa kikaoni anaachwa, jambo linalouma kwa sababu kikao hakukiitisha yeye. Wapo wanaopeana zamu za kuchungulia familia zilizobaki: nikiwa Mbeya nampelekea mke wa mwenzangu dawa, naye wiki nyingine anapitia kwetu kuangalia mita ya LUKU. Hayo yote tumeyafanya wenyewe na tutaendelea nayo. Mahali ambapo mikono yetu haifiki ni kwenye ratiba, maana ratiba mnazishika ninyi.

Nizungumze kuhusu mtoto anayenyonya, kwa kuwa hapa ndipo ninapoumia zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baada ya hapo, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ni sheria nzuri. Nilipomaliza siku zangu 84 na mtoto wa pili, nyumbani kwangu kulikuwa Uyole na kituo kilikuwa Songwe, na saa mbili za kunyonyesha haziwezi kuvuka milima na kurudi. Zilibaki njia mbili. Ya kwanza, kumwachisha mtoto wa miezi mitatu, wakati kazini kwangu nawafundisha kina mama kwamba miezi sita ya mwanzo mtoto ale ziwa la mama peke yake. Ya pili, kwenda naye kwenye chumba kile kimoja, pamoja na binti wa kumshika, na kumtenga na baba yake na kaka yake. Nilichagua ya pili. Binti alikuwa analala chini kwenye godoro, mtoto nami kitandani, na mwenye nyumba alipandisha kodi kwa sababu maji yanatumika zaidi. Kila Jumapili tulikuwa watu watatu kwenye basi, mtoto amefungwa mgongoni mwa binti, mimi nimebeba beseni. Alishikwa na vichomi mara mbili kabla hajatimiza mwaka. Ninawajua kina mama wawili katika mkoa huu waliochagua ile njia ya kwanza. Mmoja bado haongei jambo hilo bila kugeuka pembeni.

Serikali yetu mwaka 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomgusa mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Mimi ni miongoni mwa watu wanaoipeleka vijijini. Nasimama mbele ya wazazi nikieleza kwamba mtoto anahitaji lishe, afya, ulinzi, kujifunza mapema, na mzazi anayemjibu anapolia na anapocheka. Naiamini kila sentensi ninayoitamka. Ninachoomba ni kwamba halmashauri inayonituma kuyasema hayo inihesabu na mimi kuwa mzazi.

Lipo jingine ambalo halipendezi kuandikwa, lakini likifichwa barua hii itakuwa nusu. Jioni za mtu aliyepanga chumba peke yake ni ndefu. Ofisi imefungwa saa tisa na nusu, chakula cha mtu mmoja hakichukui muda, umeme ukikatika hakuna hata redio. Wapo waliojifunza ushonaji, wapo wanaosoma shahada kwa masafa, wapo wanaolima bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Wapo pia waliozoea kumalizia jioni baa, na wapo waliojikuta na nyumba ya pili bila kuipanga. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba kiwango cha maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini ni asilimia 4.4. Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa mitatu ya juu nchini ni yetu. Sisemi watumishi ndio chanzo. Ukanda huu una barabara kuu, mpaka, mashamba makubwa ya chai na miti, machimbo ya Chunya, na watu wanaosafiri kufuata riziki kila siku. Nasema kwamba kila jambo linalomrudisha mume kwa mkewe na mke kwa mumewe mapema, katika mikoa hii kuliko mingine, linastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya afya ya jamii, na bajeti yake ni sifuri.

Sasa hesabu yenyewe. Siku tano kwa saa nane ni saa 40 kwa wiki. Tukiongeza saa moja Jumatatu hadi Alhamisi, yaani kutoka ofisini saa 10:30 jioni, tumefanya kazi saa 36 kwa siku nne. Zinabaki saa 4. Ijumaa tunaingia saa 1:30, tunatoka saa 5:30 asubuhi, na saa 40 zimetimia bila kupungua hata dakika. Sheria niliyoitaja hapo juu inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa hiyo mpango huu haukanyagi mstari wowote. Ndugu zetu Waislamu watakuwa na nafasi ya kutosha kwa sala ya Ijumaa, ambayo leo wengi wao wanaikimbilia na kurudi na jasho. Na ile saa moja ya jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, kwetu sisi tunaoishi vyumbani haina hasara yoyote. Ni saa ambayo tungekuwa tumekaa mlangoni tukitazama barabara.

Najua swali litakalofuata: mwananchi akija Ijumaa mchana atamkuta nani? Ni swali la haki. Si kila mtumishi anaishi mbali na kwake. Katika kila idara wapo wanaolala na familia zao hapo hapo, na baadhi yao, nikiwauliza, wamesema hawahitaji kubadilisha chochote. Hao wabaki na saa zao za kawaida. Idara ambayo wote ni wa mbali iweke zamu, mmoja abaki Ijumaa hadi saa 9:30, na zamu hiyo ijulikane mwezi mzima kabla. Mwananchi naye atapata saa moja ya ziada siku nne za wiki, na mkulima anayetoka shambani saa nane mchana ataikuta ofisi wazi hadi saa kumi na nusu, jambo ambalo leo halipo. Kwa vikundi vyangu vya mikopo ya asilimia 10, ile inayotokana na sehemu ya mapato ya halmashauri, hiyo saa ya jioni ni dhahabu, kwa sababu kina mama huja baada ya kutoka sokoni.

Masharti mawili lazima yaende pamoja na hilo, la sivyo litakufa wiki ya pili. Vikao visiitishwe Ijumaa baada ya saa nne asubuhi. Na takwimu zinazoombwa na mkoa ziombwe kabla ya Alhamisi mchana, isipokuwa pana dharura ya kweli: mafuriko, mlipuko wa ugonjwa, ajali. Hapa nawaambia hasa Makatibu Tawala wa Mikoa, kwa sababu Mkurugenzi mara nyingi naye ameombwa saa hiyo hiyo na mkoa, na mkoa umeombwa na wizara. Mtu mmoja wa juu akipanga vizuri siku zake, watu mia wa chini wanasafiri mchana.

Kwa wauguzi na waganga jambo lina sura nyingine. Zahanati haifungwi saa tano na nusu, na sitaomba hivyo. Wao wanachohitaji ni orodha ya zamu inayobandikwa mapema, na ruhusa ya kupanga siku zao za mapumziko zifuatane, ili muuguzi wa Ileje apate siku nne kwa mpigo aende Tukuyu akae na wanawe, badala ya siku moja moja isiyotosha hata nauli. Walimu nao wana yao, na vyama vyao vitayasemea vizuri kuliko mimi.

Kuhusu uhamisho. Siku hizi tunaomba kwenye mfumo, na hilo limepunguza safari za kwenda Dodoma na bahasha mkononi. Lakini ombi likishaingia linahitaji ridhaa ya mwajiri anayekutoa na ya mwajiri anayekupokea, na katikati ya hao wawili ndipo maombi yanapolala. Anayekutoa anasema ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, haijatimia, subiri mbadala. Anayekupokea anasema nafasi imejaa. Ukimpata mtu wa kubadilishana naye kituo, mmoja wenu anapitishwa na mwingine anarudishwa. Kumfuata mwenza ni sababu inayokubalika, cheti cha ndoa tunaambatisha, gharama za kuhama tunajilipia wenyewe kwa kuwa tumeomba wenyewe. Siwaombi mkubali kila ombi. Halmashauri ya pembezoni ikiachia kila anayetaka kuondoka itabaki na majengo. Naomba jibu. Jibu la hapana lenye sababu na mwaka. Mtu akiambiwa, utakaa hapa hadi 2028 kisha ombi lako litafikiriwa, atajua kama amhamishe mtoto shule, kama ajenge kibanda hapa kituoni, kama mwenzi wake aache kazi amfuate. Kinachovunja nyumba ni kuishi kwa maneno ya "bado linashughulikiwa", mwaka baada ya mwaka, huku umelipa kodi ya miezi sita sita kwa nyumba mbili, mitungi ya gesi miwili, LUKU mbili.

Nyanda hizi zinajua habari za watu wanaokwenda mbali. Babu zetu wa Ubena walikwenda manamba kwenye katani ya Tanga na Morogoro, wa Rungwe walikwenda machimbo ya Lupa na ya shaba ng'ambo ya mpaka, na bibi zetu walibaki wakilima, wakizika, wakiozesha, wakisubiri. Kizazi kile kilikatwa vipande na wakoloni ambao hawakuwa na haja ya kujua mfanyakazi ana mke au hana. Ninyi mnajua. Wengi wenu mlianzia kwenye vyumba hivi hivi, mkipanda mabasi haya haya, na baadhi yenu hata sasa familia zenu ziko Dar es Salaam au Mwanza na mnaziona kwenye simu. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia ninyi kabla ya kwenda kwingine.

Pendekezo langu ni la majaribio. Robo moja tu, Julai hadi Septemba, mwanzo wa mwaka wa fedha, katika idara mbili au tatu za kila halmashauri itakayokubali. Pimeni kwa vipimo mnavyovitumia tayari: taarifa ngapi zimechelewa, wananchi wangapi wamehudumiwa na saa ngapi, malalamiko mangapi kwenye sanduku la maoni, watumishi wangapi wameomba ruhusa za dharura. Mkiona kazi imeshuka, rudisheni saa za zamani Oktoba, na sitaandika tena. Idara yangu niko tayari iwe ya kwanza, na wenzangu wa njia ya Mbeya wamekubali kubaki kwa zamu Ijumaa bila posho.

Waraka wa ukurasa mmoja unatosha kuanzisha jambo hili. Ukitoka kabla ya mipango kazi ya idara kupitishwa, zamu zitaingizwa humo tangu mwanzo na hakutakuwa na haja ya kuvuruga ratiba katikati ya mwaka.

Naomba kuwasilisha.

Afisa maendeleo ya jamii,
Mkoa wa Songwe